Dorika, Lete Ndoo

Lulindi, Masasi
3 Juni 2024

Kwako Mama Faidha,

Ni miaka thelathini sijakuandikia wala wewe hujaniandikia, kwa hiyo sitaanza kukuuliza habari za mikorosho kana kwamba tuliagana jana. Mimi ni mzima. Zabroni wangu naye ni mzima, amestaafu ukatekista, siku hizi anafuga kuku na kugombana nao. Nimesikia Baba Faidha alitangulia mbele ya haki miaka minane iliyopita. Pole sana. Najua imechelewa, lakini inatoka moyoni.

Namba yako ya simu ninayo. Nimepewa na Nurdin, yule anayeuza salfa ya mikorosho huku kwetu na huko kwenu, na ndiye atakayekuletea barua hii. Sikupigii kwa sababu nakujua: utacheka, utaongea wewe tu, nami nitanyamaza kama nilivyonyamaza zamani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Juzi Jumamosi tulikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Flora, jirani yangu, anayeolewa Nanganga. Baada ya chakula wakafungulia muziki. Mara nikasikia ngoma ninayoijua na sauti ninayoijua. Sauti yako, Mama Faidha, ya wakati ule ulipokuwa na meno yote.

*Dorika lete ndoo,*
*jua limeshachomoza.*
*Dorika lete ndoo,*
*bondeni wametutangulia.*

Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, ikabaki mkononi imepoa. Watu walinyanyuka wote. Wanawake wazima na akili zao walichukua ndoo za plastiki wakaziweka vichwani wakakimbizana. Mjukuu wangu wa miaka sita alinyakua soda ya mwenzake, na watoto wote wakamwimbia jina langu. Nikauliza mchezo ule maana yake nini. Cecilia, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama, akanionyesha simu yake: paka kakimbia na samaki, wimbo unaimba, Mzungu kachukua kofia ya mwenzake, wimbo unaimba. Akaniambia, "Dunia nzima hiyo, Mama Benedikto! Mtu akichukua cha mwenzie anaitwa Dorika."

Hapa Lulindi hakuna anayejua kwamba Dorika ni mimi. Nilifika na Benedikto mgongoni, nikawa Mama Benedikto tangu siku ile. Hata kwenye daftari la Umoja nimeandikwa hivyo, na padri aliyejua jina langu la ubatizo alihamishwa siku nyingi.

Na nikuambie kazi niliyo nayo huku. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa stoo ya vyombo vya Umoja. Kila msiba na kila harusi watu huja kwangu kuazima, na kwangu ndiko wanakorudisha. Nina sufuria kubwa kumi na nne, ndoo ishirini na sahani mia mbili, zote nimezitia alama ya rangi nyekundu. Kwa miaka kumi na tisa hakijapotea hata kifuniko. Sasa fikiria wakijua kwamba aliyeshika ufunguo ndiye huyo anayeimbwa.

Ninachoomba ni kimoja. Aliyeutoa wimbo huo autoe huko alikouweka.

Ni mimi,
Mama Benedikto


Kitangari, Newala
12 Juni 2024

Dorika!

Nisamehe, Mama Benedikto. Mkono umenitangulia.

Nurdin alinipa barua yako nikiwa juu ya jamvi nachambua mbaazi, nikaona mwandiko nikaujua kabla sijafungua. Ile "k" yako yenye mkia, mwalimu alikuchapia sana na hukuiacha. Mimi nimezeeka, magoti yanalia, lakini mdomo uko palepale.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua nilikuwa na ile kanda, yule bwana wa redio kaseti alituchukua sauti uwanjani siku tuliposhinda mashindano ya ngoma. Faidha wangu yuko Masasi mjini, ana kibanda cha kutoa fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye flashi. Watu wanamletea kanda za zamani anazihamisha. Baada ya Idi el-Fitri nikampa na mimi yangu, nikasema mwanangu iokoe kabla ukungu haujaimaliza. Akaitoa vizuri, akaweka kipande mtandaoni ili wateja waone kazi yake. Basi.

Sasa kuna Hamidu, muuza chipsi wa Nanganga. Mbuzi wake aliingiza pembe kwenye ndoo akatimua mbio nayo barabarani. Hamidu akampiga picha, akamwekea wimbo wetu. Mama Benedikto, yule mbuzi amefika mbali kuliko ukoo wangu wote! Wakafuata wengine. Nimeona kwa macho yangu Mchina kanyang'anya mwenzie tambi, Mhindi kaiba mto wa kulalia wa mkewe, na mbwa kakimbia na kiatu cha bibi harusi. Wanasema umetazamwa mara milioni arobaini. Milioni mimi siijui, najua tu kwamba Newala yote hatufiki hata robo yake.

Nilidhani utafurahi. Nilijiambia, popote alipo atasikia na kucheka. Yale yalikuwa mambo ya ngoma, na kwenye ngoma nani hakuimbwa? Mimi mwenyewe nimeshaimbwa kwa ugali wangu mbichi, nikajibu, yakaisha.

Na wewe pia jitazame. Kwetu mtu akiimbwa, msimu unaofuata anasimama anajibu kwa wimbo wake. Asipojibu, watu wanahesabu amekubali. Sikuitunga mimi sheria hiyo, tumeikuta. Septemba ya tisini na nne uwanja mzima ulikungoja. Ukakaa nyuma kabisa umejitanda kanga mpaka puani, na kabla ya mvua mkahama. Ulitaka tufikirie nini?

Kuhusu ndoo yenyewe tuyaache. Siku hizi maji ya bomba yanafika, yanakatika lakini yanafika, na ndoo za plastiki zimening'inia kila duka. Hao watoto hawajui hata kwamba tulikuwa tunashuka bonde zima kwa maji ya kunywa.

Nimemwagiza Faidha akuandikie, yeye ndiye mwenye ujuzi wa mitandao. Nisalimie Zabroni na kuku wake.

Wako,
Somoe


Masasi Mjini
19 Juni 2024

Mama Benedikto, shikamoo.

Naitwa Faidha, mtoto wa Bi Somoe wa Kitangari. Mama ameniambia nikuandikie kwa karatasi kwa sababu simu umeikataa, na naona una haki.

Kwanza naomba radhi. Mama, mimi sikujua kama upo. Tangu utotoni naujua ule wimbo, nimebembelezwa nao, na kila nilipouliza Dorika ni nani, niliambiwa ni jina la kutunga tu. Mwezi uliopita nilihojiwa kwenye redio na nilisema hivyohivyo, kwamba Dorika hayupo. Kumbe yupo Lulindi, si mbali na ninapokaa.

Kipande changu nilikifuta siku ileile niliyoelezwa. Lakini sitakudanganya, kukifuta changu hakusaidii kitu. Kimeshaingia kwenye simu za watu nisiowajua, kila mmoja amekata sekunde zake. Mbrazili mmoja amekiongezea midundo. Wakorea wamekitungia hatua za kucheza. Kuna uwanja wa mpira huko Uturuki wanakipiga mchezaji akinyang'anywa mpira. Wengi wao hawajui hata ni Kiswahili, wanajua tu kwamba ni wimbo wa kumwambia mtu arudishe kitu. Siku moja watauacha wenyewe waende kwenye kingine, ndivyo ilivyo huko. Kuwaamrisha siwezi.

Ninachoweza ni kusema ukweli. Nikitangaza kwamba Dorika ni mama wa kweli na jambo hili linamuumiza, wapo watakaosikia, lakini wapo pia watakaokuja na kamera mpaka mlangoni kwako. Niseme au ninyamaze, uamuzi ni wako na nitauheshimu.

Jambo la mwisho, unisamehe kama navuka mipaka. Kila siku watu wananiuliza: mwishowe, aliirudisha? Nilimuuliza mama. Akaniambia nikaangalie chai jikoni, inachemka. Nilikwenda jikoni, mama. Hapakuwa na chai wala moto.

Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mwanao,
Faidha Alfani


Lulindi
1 Julai 2024

Mama Faidha,

Binti yako ana adabu, umemlea vizuri. Mwambie anyamaze kwanza. Swali lake sijalijibu kwa sababu si mimi ninayepaswa kulijibu.

Mambo huku yamesogea. Tarehe kumi na nane Agosti ni sikukuu yetu ya mavuno, na kila kikundi kitaonyesha mchezo wake pale uwanja wa kanisa. Umoja wamechagua wimbo wako. Anatakiwa mtu mmoja awe Dorika, akimbie na ndoo kichwani, wengine wamfukuze. Cecilia akasema, "Nani mwingine zaidi ya Mama Benedikto? Yeye ndiye mwenye ndoo zote!" Wakapiga makofi na vigelegele. Flora akaniletea ndoo palepale nijaribu. Ningekataa kwa sababu gani?

Sasa nimebanwa pande zote. Nikicheza na kunyamaza, nitakuwa nimejiita mwizi kwa miguu yangu mwenyewe. Nikisema Dorika ni mimi na sina ushahidi, hakuna atakayenitukana. Watakuja wawili watatu jioni moja, watakunywa chai yangu, kisha wataniomba ufunguo kwa upole, eti nipumzike, umri umekwenda. Huo upole ndio ninaouogopa.

Umesema ndoo tuyaache. Mimi siyaachi. Ilikuwa ndoo ya bati ya mama yako, mkono wake ulikatika ukaunganishwa kwa waya wa spoku ya baiskeli. Uliniazima Jumatano. Nilishuka bondeni alfajiri, nikapanga foleni, nikapanda na maji, nikayamimina kwenye mtungi wangu, na kabla ya adhuhuri niliirudisha kwako. Hukuwepo, ulikuwa kliniki. Niliifudikiza barazani, pembeni ya kinu, nikaweka ngata yangu ya kutwikia juu yake, ile ya kitambaa cha kanga ya buluu, ili ujue ni mimi niliyeleta. Jioni ukaja kuniuliza, nikakujibu hivihivi. Wiki haikuisha nikasikia nimeimbwa.

Sikuombi uje huku, wala uniombe radhi. Nataka karatasi moja tu, kwa mkono wako, iseme Dorika alirudisha ndoo. Kama huamini hivyo mpaka leo, basi usiandike, nami nitajua.

Mama Benedikto


Kitangari
4 Agosti 2024

Dorika,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza niliwashia moto. Nurdin amepita hapa mara tano akiuliza kama nina mzigo wa Lulindi, nikamwambia sina. Wiki iliyopita hakuuliza tena, na hilo lilinitia aibu kuliko alipouliza.

Najua uliirudisha. Nimejua tangu mwezi wa sita, mwaka tisini na nne.

Palikuwa na msiba kijiji cha pili, upande wa barabara ya Newala. Nilikwenda na Faidha mgongoni, ana miezi minane. Wanawake tulikaa nyumba ya jirani, nyumba ya mwanamke mmoja aliyehamia karibuni, hana mume, ana mdomo mzuri. Akatuletea maji ya kunawa. Ndoo ya bati, mkono umeungwa kwa waya wa spoku. Nikaishika nikaigeuza, nikakuta mbonyeo alioutia mama yangu mwenyewe. Kisha nikaona ngata aliyokuwa ameivua kichwani akaiweka dirishani. Ya kanga ya buluu, Dorika.

Sikumuuliza. Unajua kwetu wakati ule, mwanamume akimpelekea mwanamke ndoo, anakuwa amemwambia kila kitu. Niliporudi nilimtazama mume wangu Alfani nikasema, "Nimeiona ndoo ya mama." Akaacha kula. Akasema hatarudia tena kwenda, na mimi nisirudie tena kuitaja. Yeye alitimiza lake, na mimi nikatimiza langu mpaka leo.

Ningeweza kukusafisha. Lakini nikisema Dorika hakuichukua, watu wangeuliza swali moja tu: basi ilikuwa wapi? Na ningejibu nini mbele ya uwanja mzima, na mtoto mgongoni? Nikamchagua mume wangu. Na nikuambie mpaka mwisho, maana nimeshaanza: niliupenda na wimbo. Ndio pekee niliowahi kushinda nao. Popote nilipopita waliniimbia, nikajiona mtu.

Septemba ilipofika ukakaa pale nyuma, nilikutazama, nikimwomba Mungu usijibu. Na uliponyamaza nilishukuru. Nilishukuru, Dorika, na jioni ile nikala nikashiba.

Karatasi uliyoomba nimeiandika kando, imo humu ndani. Inasema: Mimi Somoe binti Khalfan wa Kitangari nathibitisha kwamba Dorika alirudisha ndoo yangu siku ileile niliyomwazima, na kwamba nilijua hivyo nikanyamaza. Nimetia sahihi. Isome kanisani, isome sokoni, popote unapotaka. Wakiuliza ilikuwa wapi, waambie.

Somoe


Lulindi
22 Agosti 2024

Somoe,

Karatasi yako ilifika Jumanne kabla ya sikukuu. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia kwenye Zaburi. Haikutoka humo.

Kuna jambo hulijui, na ukiwa umeniambia lako siwezi kubaki na langu. Kesho yake baada ya kurudisha ile ndoo, nilishuka tena bondeni na debe langu bovu, alfajiri, watu wanatoka msikitini. Kwenye njia ya mteremko nikakutana uso kwa uso na Alfani, anakwenda upande usio wake, kabeba ndoo ya mama yako na ngata yangu imo ndani. Tulisimama. Akasema, "Shemeji, hujaniona." Nikasema, "Sijakuona."

Kwa hiyo uliponiimba, nilijua ilipo. Nilijua kabla yako.

Ulikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili zilikuwa zimeshakutoka. Nililala nawe zahanati ile ya pili ilipotoka, unakumbuka, ukaniambia ya tatu ikitoka hutaki kuishi. Ningekuambia nini? Nikajisemea, acha ajifungue kwanza. Ukajifungua, nikajisemea, acha mtoto akomae.

Na usidhani sikuwa na wimbo wa kujibu. Nilikuwa nao. Niliutunga shambani nikipalilia, mwezi mzima, na ulikuwa mzuri kuliko wako, sikufichi. Ungeuangusha uwanja. Septemba ile nilikwenda nao kifuani umeiva. Kisha ukaingia na Faidha mgongoni, umenenepa, unacheka na kila mtu, na Alfani kasimama nyuma yako kakushikia mwavuli. Nikaumeza. Niliumia, Somoe. Nilikuchukia miaka mingi, hasa kwa sababu ulicheka.

Sasa sikukuu. Nilicheza. Walinifunga kitenge kiunoni wakanitwika ndoo, muziki ukaanza, sauti yako hiyo, nikakimbia huku na huku nao wananifukuza, uwanja unacheka mpaka padri kashika ubavu. Wimbo ulipofika mwisho walitarajia nitimue mbio nitoke. Nilirudi katikati. Nikaifudikiza ndoo chini, nikavua ngata nikaiweka juu. Nikasema, "Dorika ni mimi. Ndilo jina langu la ubatizo. Wimbo huu niliimbwa mimi, Newala, mwaka tisini na tatu. Ndoo niliirudisha hivi."

Cecilia akauliza, "Basi ilikwenda wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia, "Hilo silijibu."

Karatasi yako ingejibu, ndiyo maana niliiacha nyumbani. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo wa stoo, nikauweka juu ya ngata. Nikasema mwenye shaka auchukue. Nikaenda kukaa.

Hakuna aliyeinuka. Kikundi kingine kikaingia, watu wakala, na ufunguo upo palepale juu ya ndoo, kila mtu anauzunguka. Saa kumi hivi nikamwona Flora anakwenda, anauchukua. Flora, jirani yangu wa miaka yote hiyo. Nilirudi nyumbani na Zabroni, alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatatu kumekucha nikasikia hodi. Flora huyo, kanga mbili, ufunguo mkononi. Akasema, "Baba yake Jafari amefariki, watu wameshaanza kufika. Jana niliuchukua huu usije ukapotea uwanjani, nikasahau kukuletea. Nimekwenda stoo mwenyewe nimeshindwa, sijui sufuria ipi ina kifuniko kipi. Twende, Dorika."

Miaka thelathini sijaitwa hivyo na mtu aliye mbele yangu. Nilitoa sufuria sita za msiba huku nalia, na waliokuwepo walidhani namlilia marehemu.

Yamekwisha kwangu. Faidha mwambie ndoo ilipatikana. Habari za baba yake usimwambie, alimpenda sana.

Dorika


Kitangari, Newala
30 Agosti 2024

Dorika wangu,

Umechelewa, nimeshamwambia. Barua yako nilimpa aisome mwenyewe, yote, kwa sababu mimi sauti ilikataa. Aliisoma hapa barazani. Aliinuka akaenda akaosha vyombo vyote hata vilivyokuwa safi, kisha akarudi akasema, "Kwa hiyo na mimi Mama Benedikto alinibeba." Amemlilia baba yake upya. Hajaacha kumpenda, na sikumtaka aache.

Mimi nimelia nimechoka, kwa hiyo sasa sikiliza.

Nimezunguka Newala yote kutafuta ndoo ya bati. Kila duka wananionyesha plastiki, wananiuliza bibi ya bati ya nini. Nimepata fundi nyuma ya soko anayekata mabati ya paa, amenitengenezea. Haijanyooka sana, lakini haivuji, nimeijaza maji nikailaza usiku mzima. Mkono nimemwambia auunge kwa waya wa spoku. Alinishangaa, mkono mpya kuungwa, nikamwambia fanya kazi yako.

Jumamosi tarehe saba nakuja. Faidha atanisindikiza, lakini ndoo haibebi yeye. Nitashuka barabarani na kuitwika mwenyewe, mchana kweupe, nipite nayo sokoni mpaka mlangoni kwako na magoti yangu haya. Usije kunipokea njiani. Waulize Cecilia na Flora na wenzao kama wanaweza kukaa uwanjani kwako siku hiyo, na usiwaambie sababu.

Wimbo wako umekaa miaka thelathini na Septemba imefika. Nijibu. Marehemu mwache apumzike, na yule mwanamke pia mwache, maisha yalishampiga. Maneno yao yatoe, uweke yangu. Sema nilijua. Sema nilishukuru. Nitaje kwa jina langu, usinifiche nyuma ya jina la mtoto: Somoe binti Khalfan wa Kitangari. Faidha atakuwa na simu yake tayari, na kama dunia itaimba, basi iimbe na hilo.

Wewe imba tu. Mimi nitacheza.

Somoe